Uzi Katika Sikio la Karanga

Riziki alivua ndala zake, akaketi kwenye mkeka na kumgeuzia Bi Mwantumu mgongo. Haukuwa utovu wa adabu. Katika mtaa wa Kitalu Nane, pale Korogwe, ndivyo mtu alivyokaa akija kutua. Bi Mwantumu Shekilindi alikuwa kiziwi, lakini macho yake yalikuwa mazima na midomo ya watu aliisoma kama gazeti, kwa hiyo mwenye lake la moyoni alimpa mgongo, akalisema lote kuelekea ukutani, akalia kama alitaka kulia, kisha akageuka, akashikwa mkono, akapewa kahawa kwa kashata, akaenda zake mwepesi. Hakuna aliyejibiwa wala aliyeshauriwa, na ndiyo maana walikuja.

Karanga, mbwa mdogo wa rangi ya jina lake na asiyezidi paka mnene, alijikokota mpaka miguuni pa Riziki na kulaza kidevu chini. Alimpenda Riziki kwa sababu ya machicha ya nazi ambayo mwanamke huyo hakukosa kumletea kwenye kipande cha jani la mgomba.

"Bi Mwantumu," Riziki aliuambia ukuta, "nimepoteza mimba."

Bi Mwantumu alikuwa ameinamia kofia aliyokuwa akiidarizi. Kwenye mkono wake wa kushoto, ule unaoshika kitambaa, palikuwa na bangili pana ya kijivu, na juu ya bangili maneno yalipita taratibu, meusi, yakisomeka vizuri: nimepoteza mimba.

Sindano ilisimama. Kisha ikaendelea, maana sindano iliyosimama huonekana.

"Juzi, Jumanne. Nilijifungia bafuni nikafungulia maji ili mama mkwe asinisikie. Mume wangu Hamadi ana miezi kumi na moja yuko Rukwa kwenye visima vya gesi ya heli, unajua mwenyewe. Si yake. Usiniulize ya nani." Riziki akacheka kidogo, kama mtu aliyejishtukia. "Utaniulizaje, na wewe hunisikii."

Angeweza kuigeuza ile bangili ielekee chini. Ni kazi ya kidole kimoja. Bi Mwantumu alilijua hilo tangu neno la kwanza, akalijua kwa neno la pili na la tatu, na bado akasoma mpaka mwisho: damu, maumivu ya kiuno, kanga aliyoifukia nyuma ya choo, hofu kwamba Bi Mboni, mama mkwe wake, angeiona. Riziki alipogeuka, macho mekundu, Bi Mwantumu alimshika mkono kwa uso uleule wa siku zote, uso wa mtu asiyejua kitu. Aliona haya mpaka masikio yake mabovu yakawaka moto.

Tusimwonee bure. Mwanzo wake haukuwa mbaya.

Uziwi aliupata kiwandani. Miaka ishirini alisimama kwenye korona, ile mashine inayokwaruza majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi, na nyuzi zile zikaenda kuwa ngozi za meli za angani ambazo siku hizi hupita juu ya Korogwe kila asubuhi zikipeleka mizigo Tanga. Korona ilimla masikio kidogo kidogo. Alipostaafu, serikali ikampa mbwa-sikio, kama inavyowapa wote walioumizwa na kazi. Watu wa mtaani walinung'unika kuhusu mate na najisi, mpaka shehe aliposema mbwa wa kuwinda ameruhusiwa na huyu naye anawinda, ila anawinda sauti. Basi ikawekwa ndoo ya udongo safi mlangoni kwa ajili ya mwenye kulambwa, na maneno yakaisha.

Kola ya mbwa-sikio haisikii yenyewe. Kuna uzi, mwembamba kuliko wa buibui, unaopitishwa sikioni mwa mbwa mpaka kwenye mshipa wa fahamu. Uzi huo hauchukui kila sauti. Huchukua kile tu ambacho mbwa mwenyewe amekitegea sikio. Kola hutafsiri, na bangili ya mwenye mbwa hutikisika: mara moja ni mlango, mara mbili ni moto au sufuria inayofurika, mara tatu unaitwa. Maneno ya watu yamezuiwa kwa kitu ambacho mafundi wanakiita pazia. Mbwa husikia hata kinachonong'onwa nyumba ya tatu, na Sheria ya Masikio haikutaka viziwi wageuzwe wapelelezi. Watu wote wa Kitalu Nane waliijua sheria hiyo. Walikuja kutua mbele ya Karanga bila wasiwasi, wakijua anasikia milango na masufuria tu.

Lakini Mei ile Nasra, mjukuu wa Bi Mwantumu, alichaguliwa kusoma hotuba ya mahafali katika chuo cha uuguzi. Nasra alizaliwa bibi yake akiwa kiziwi tayari. Bi Mwantumu alimlea, akamwogesha, akamsuka, akamchapa, na hakuwahi kulijua hata neno moja la mtoto yule isipokuwa kwa kumkodolea midomo. Kwenye mahafali angekaa safu ya nyuma kabisa. Basi akaenda kwa Ombeni, fundi wa pale sokoni. Ombeni alisema haiwezekani, kisha akasema inawezekana ila ni kosa, kisha akachukua kisindano, akafunua kola na kulisukuma pazia pembeni.

"Siku moja tu, bibi," alimwambia. "Keshokutwa uniletee nilirudishe."

Hotuba aliisoma yote kwenye bangili, neno kwa neno, akalia mpaka waliokaa karibu wakampisha hewa. Keshokutwa yake alikuwa na mafua. Wiki iliyofuata kulikuwa na mvua. Kisha akaja Salma mwenye duka, akampa mgongo, na Bi Mwantumu akasoma.

Miaka ishirini na miwili watu walikuwa wameutumia mkeka wake. Walimpenda, hilo alilijua. Walimletea ndizi, walimtangulizia kiti msibani. Lakini walimpenda kama mtu anavyoupenda mti wenye kivuli, na mti hauambiwi habari. Ghafla akajua. Akajua kwamba Salma anamwogopa mwanawe mwenyewe. Akajua kwamba Mzee Mhina humpenda mkewe akiwa amelala tu. Akajua pia, kwa watu watano tofauti, kwamba kahawa yake ina tangawizi nyingi mno na inawachoma koo, ila hawana pa kwenda. Akapunguza tangawizi. Wakashangaa kahawa ya Bi Mwantumu imekuwa tamu uzeeni. Alijiona mjanja siku mbili nzima, kisha akajiona mwizi, na kila baada ya swala ya alasiri aliweka nia ya kwenda kwa Ombeni. Miezi mitatu ikapita kwa nia hiyohiyo.

Sasa hili la Riziki. Riziki alipoondoka, Bi Mwantumu alibaki na kofia mapajani akiwaza mwanamke aliyeharibikiwa na mimba siku mbili zilizopita, anayechota maji, anayefua mashuka ya mama mkwe, na hana wa kumkanda kiuno. Huruma ilimpanda kichwani. Mtu mwenye akili angekaa kimya kama maji ya mtungi. Bi Mwantumu akainuka, akawasha jiko na kupika uji.

Alipika uji wenyewe hasa: unga wa mchele, samli, sukari guru, na pilipili manga nyingi iliyotwangwa palepale, ule unaoziba tumbo na kurudisha damu. Aliupikia mama yake mzazi alipojifungua kitinda mimba, akaupikia bintiye alipomzaa Nasra. Mikono ilijua kipimo chenyewe. Akautia kwenye chupa ya chai, akaiweka ndani ya kigari cha mtaa, kile kidogo cha magurudumu manne kinachopeleka vyakula na dawa nyumba hadi nyumba bila dereva, akabonyeza namba kumi na nne. Kigari kikaondoka kikiyumba kwenye vumbi. Moyo wake ulifurahi. Alipokuwa anasugua sufuria ndipo alipokumbuka kwamba pale kumi na nne anayefungua kigari si Riziki.

Bi Mboni hakuchelewa. Alikuja na chupa mkononi, akaketi kwenye mkeka, akamwangalia uso kwa uso. Karanga alimkwepa, akajilaza kwa mbali.

"Bibie," Bi Mboni alisema, akiivuta midomo kila neno kama mtu anayemfundisha mtoto, "uji huu wa nani?"

"Uji gani?"

"Huu wa pilipili manga. Usinizuge, shoga yangu. Hapelekewi mtu mwenye mafua uji huu. Huu ni wa mzazi. Nyumbani kwangu nani kazaa?"

Bi Mwantumu aliitupia chupa jicho. Na uongo ukaja, mzima, tayari umevaa nguo. "Umefika kwako? Jamani! Nilimpikia Mwasiti wa namba arobaini na moja, aliyejifungua Jumapili. Nimebonyeza vibaya. Macho haya, Mboni, nayo yanaaga."

Bi Mboni aliitikisa chupa. "Riziki alipouona aliangua kilio. Uji wa Mwasiti unamliza nini yeye?"

"Anamkumbuka mumewe labda."

"Labda." Bi Mboni aliiweka chupa chini. "Ungekuwa unasikia, Mwantumu, ningekuuliza amekuja kutua nini hapa. Ningekuapisha. Maana yule binti ana jambo, na nikilijua, usiku wa siku hiyo hatalala kwangu. Ila nitakuuliza nini wewe, maskini?"

Akampigapiga goti kwa huruma, akaondoka. Lile neno maskini lilibaki kwenye bangili aliyoificha chini ya kofia, kwa kitambo, kwa kuwa halikufuatwa na jingine.

Afisa wa kola alikuja Jumatatu saa nne asubuhi. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Mbeya, jina lake Atupele, mwenye suruali ya kijani na mikono iliyozungumza lugha ya alama vizuri kuliko mikono ya Bi Mwantumu mwenyewe. Alisalimia kwa heshima zote, akambeba Karanga mapajani, akamkuna tumbo, akamkagua meno. Ukaguzi wa kila mwaka, alisema. Dakika kumi.

Dakika ya sita akaacha kutabasamu. Aliiweka kola kwenye kile kifaa chake, akakiangalia, akaiweka tena.

"Mama," alisema, "pazia liko wazi."

Bi Mwantumu aliigeuza bangili ielekee chini.

"Hutokea," Atupele aliendelea, na uso wake ulikuwa mpole, jambo lililozidi kumwumiza mwenzake. "Baadhi ya nyuzi huota. Mshipa wa mbwa unauzoea uzi, unaulisha, uzi unachipua na kulipenya pazia. Mwenye mbwa hana kosa, pengine hata hakuelewa kilichokuwa kikiandikwa, na maneno hufutwa bila kufunguliwa. Lakini uzi ulioota hauachwi, utaendelea mpaka kwenye ubongo umuue. Inabidi uvutwe, na ukivutwa unaondoka na usikivu wote, masikio yote mawili. Karanga atakuwa kiziwi." Akasita. "Au pazia limefunguliwa kwa mkono. Hapo uzi ni mzima, mbwa ni mzima. Tutalifunga, na Karanga atapewa mtu mwingine anayemhitaji. Wewe hutapewa mbwa tena. Na kila aliyesomwa ana haki ya kuambiwa."

"Ataambiwaje?"

"Kwa barua. Yenye maneno yake yote yaliyopita kwenye bangili, na tarehe. Kola imeyahifadhi; sisi hatuyafungui, mashine huyachapa yenyewe. Barua huenda kwa mkuu wa kaya."

Mkuu wa kaya, namba kumi na nne, alikuwa Bi Mboni.

"Huwezi kumruka mtu mmoja?" Bi Mwantumu aliuliza. "Mmoja tu."

Atupele alitikisa kichwa. "Ningependa. Sheria hainipi nafasi ya kuchagua." Akamvisha Karanga kola, akamrudisha chini. "Kwa kuangalia tu siwezi kutofautisha uzi ulioota na pazia lililosukumwa na fundi hodari. Ndiyo maana tunamwuliza mwenyewe, na neno lake ndilo linaloandikwa. Nitakuwa Korogwe mpaka kesho. Nitarudi muda kama huu."

Atupele alipokuwa anavaa viatu, Karanga aliinua kichwa kuelekea barabarani na bangili ikatikisika mara moja. Muda mfupi baadaye mwuza maziwa akatokea mlangoni. Bi Mwantumu alinunua maziwa ambayo hakuyahitaji.

Mchana ule alimwita Riziki. Hakumwambia aje kutua. Alimwekea kiti mbele yake, wakatazamana, na kwa hilo pekee Riziki akajua kuna jambo.

"Nimekukosea," Bi Mwantumu alisema. Hakuwa na njia nzuri ya kulisema, kwa hiyo alilisema lilivyo: mahafali, Ombeni, pazia, bangili. Alinyosha mkono wa kushoto ili mwenzake aone. Wakati anaongea, maneno yake mwenyewe yalikuwa yakipita pale juu, nimekukosea, nilisoma, nilisoma yote, na Riziki akayasoma huku akiyasikia.

Riziki aliisoma bangili mpaka ikawa tupu.

"Miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Kwa hiyo na ile ya Idd ulisoma. Nilipokwambia nimetamani mama mkwe afe."

"Nilisoma."

"Na uji. Ukanipikia uji." Riziki aliweka kiganja mdomoni, akakitoa, maana alikumbuka kwamba huyu husoma midomo, kisha akakumbuka kwamba hilo sasa halina maana, akakirudisha. Bangili ikaandika kilio chake kama mistari mitupu. "Nilikuja kwako kwa sababu husikii! Ningetaka mwenye masikio, mtaa mzima una masikio. Ningekwenda kwa mama yangu Muheza. Wewe ulikuwa mahali, Bi Mwantumu, si mtu. Sijui nisemeje. Ulikuwa mahali pangu."

Bi Mwantumu alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Akajikaza, akamweleza la Atupele: uzi kuota, uzi kuvutwa, mkono, barua. Alieleza polepole asiruke kitu. Karanga, aliyeona watu wake wawili wanalia, alizunguka baina ya miguu yao akitafuta pa kusaidia.

"Wewe uamue," alimaliza. "Maneno ni yako. Ukisema niseme kwa mkono, nitasema. Ukisema niseme uliota, nitasema uliota."

Riziki alifuta uso kwa upande wa mtandio. Alipoongea, aliongea taratibu kabisa, bila hasira, na ndipo ilipouma.

"Mama akiipata barua ile sina pa kulala. Na Hamadi ataambiwa kabla sijamwambia mwenyewe. Hilo unalijua, ndiyo maana umeniita. Sema uliota." Akamtazama Karanga. "Mbwa atakuwa kiziwi, na mimi nitalibeba hilo. Lakini nikuombe kitu kimoja. Usije ukajiambia umefanya kwa ajili ya Riziki. Ukisema kwa mkono, barua zinakwenda nyumba thelathini. Hakuna atakayekanyaga hapa. Hutakuwa Bi Mwantumu tena. Ukisema uliota, unabaki vilevile, tena wanakupa pole. Mimi nimekupa tu sababu ya kusema ulichokuwa unakitaka."

Bi Mwantumu alifungua mdomo akanushe. Aliutafuta ukweli wa kukanushia, akautafuta tena kwa uaminifu kama anayepekua sanduku, na hakuupata.

"Siji tena kutua," Riziki alisema akiinuka. "Nitapita kukusalimia kama mtu anavyomsalimia mkubwa wake. Wasione tofauti."

Usiku ule Bi Mwantumu hakulala, na hatutausimulia, maana hakuna kilichotendeka isipokuwa mwanamke mmoja kuangalia dari.

Asubuhi Atupele alipomwuliza, Bi Mwantumu alijibu mara moja, asijipe nafasi.

"Uliota wenyewe."

Afisa alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Huenda alijua. Watu wa kazi ile wameona mengi. Lakini neno la mwenye mbwa ndilo linaloandikwa, akaliandika, akageuza kibao na kumwonyesha mahali pa kuweka kidole. Juu ya mahali hapo palisomeka: Mmiliki hakuhusika na kasoro. Bi Mwantumu aliweka kidole.

Kazi yenyewe ilifanyika uani, nyuma ya gari la Atupele, juu ya meza ya kukunjwa iliyotandikwa taulo. Hakukuwa na damu wala maumivu. Atupele alipaka dawa ya ganzi nyuma ya sikio, akanyoa manyoya kidogo, akamwomba mwenye mbwa amshike kichwa. "Mzungumzie," alisema. "Sauti yako ndiyo anayoisikiliza kuliko zote. Itamtuliza."

Bi Mwantumu alimzungumzia. Tulia baba, alimwambia, tulia mtoto wangu, tunakwenda kunywa maziwa sasa hivi, na maneno hayo yakapita kwenye bangili yake moja baada ya jingine, makubwa, wazi kuliko maneno yoyote ya miezi mitatu. Uzi ulikuwa mzima. Ulikuwa mzima kabisa, na alikuwa mtu pekee pale uani aliyelijua hilo. Angeweza bado kusema. Atupele alikuwa ameshika ncha kwa koleo dogo na hajavuta. Tulia baba, alisema Bi Mwantumu. Tulia. Bangili ikawa tupu. Aliendelea kuzungumza na haikuandika kitu.

Karanga hakulia. Aliinuka, akajikung'uta, akakuna sikio lililonyolewa, kisha akageuka nyuma ghafla kama mtu aliyehisi kuna aliyesimama mgongoni kwake. Akageuka tena. Akazunguka hivyo mara tano, sita, akitafuta dunia ilikokwenda, mpaka Bi Mwantumu alipomwinua na kumkumbatia.

Habari ilienea kabla ya adhuhuri. Alasiri wakaja: Salma na sinia la maandazi, Mwasiti na kichanga chake kifuani, Bi Mboni na birika la maziwa, na wengine nyuma yao. Walikaa kibarazani kama watu waliokuja kuhani msiba. Riziki alikuja na mama mkwe wake, akasalimia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi mwisho kabisa wa mkeka. Hakuleta machicha ya nazi. Karanga alimwendea hivyohivyo, na Riziki akamweka mkono mgongoni bila kumtazama.

"Afisa ametuambia kola ilikuwa inaandika maneno," Salma alisema, uso kwa uso, akiivuta midomo. "Tulishtuka! Mimi nilikaribia kuzimia. Kisha akasema uliota wenyewe, na wewe hukuhusika, na vyote vimefutwa. Tukasema, kweli, Bi Mwantumu tunayemjua sisi?"

"Mwantumu angejua kitu si ningemwona usoni?" Bi Mboni alidakia, akageuka kumtafuta macho. "Lakini niambie mwenyewe, bibie, nitulie. Hukuwa unasoma?"

Bi Mwantumu aliona midomo yote imefungwa. Kule mwisho wa mkeka Riziki aliinamisha kichwa. Karanga alimwacha, akaja mbio kwa Bi Mwantumu, akaketi mbele yake na kumkazia macho usoni, masikio yamesimama, kama alivyofundishwa kufanya anapongoja kuambiwa.

"Sikujua kitu," Bi Mwantumu alisema.

Wakampa pole, mmoja baada ya mwingine, wakimshika mkono, naye akaitikia kila pole aliyopewa. Ilipoisha ya mwisho, Karanga alikuwa bado ameketi palepale, anamtazama, anangoja.